Datsun ya mjomba na chumvi ya Likoni

HARUFU ya petroli ilitupokea kabla mjomba hajatupokea. Mimi na mwanangu, kijana wa gredi ya saba, tulikuwa ndio kwanza tumetoka katika kituo cha treni cha Miritini, jua la Mombasa likitupiga utosini kama linalodai deni, tulipoiona ile Datsun ya samawati imeegeshwa kwenye kivuli chembamba cha nguzo. Mjomba alisimama kando yake ndani ya kanzu nyeupe, kofia ya viua kichwani.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Karibuni Mvita. Pandeni, lakini vioo viacheni wazi.”

Agizo hilo la vioo ndilo lililonitia shaka.

Siku hizi mtu atokaye Miritini kwenda pwani ya kusini ana njia mbili. Anaweza kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, inayopita juu ya mikoko kwa madaraja marefu bila kugusa kisiwa, au akaingia kisiwani na kuvuka kwa feri kama walivyovuka wazee. Nilimshauri mjomba tuzunguke ili mtoto ayaone madaraja. Akatikisa kichwa. “Huko likikuzimikia, nani atakusukuma? Kivukoni watu tele.”

Basi tukapita Changamwe, tukavuka Makupa, tukaingia Barabara ya Digo na hatimaye ile ya Nyerere, ambayo mwisho wake ni maji. Asiyewahi kufika kivuko cha Likoni hawezi kuambiwa akaelewa. Mkondo wenyewe hauzidi sana nusu kilomita, na ng'ambo unaona hata rangi ya leso alizojifunga mama aliyesimama. Lakini katika nusu kilomita hiyo hupita mji mzima: wanafunzi, makarani, wauza samaki, mikokoteni, matatu, malori na wagonjwa wanaokwenda hospitalini. Waendao kwa miguu hawalipi. Wenye magari hulipa. Feri ikigusa nchi, umati huteremka mteremko wa saruji kama maji ya mvua, kisha magari hupangwa katikati na watu hujaa pembeni yake hadi huwezi kufungua mlango.

Tulipanda. Injini ikazimwa, kama ilivyo kanuni. Katika kimya hicho nikasikia sauti ndogo chini ya miguu yangu: to... to... to. Mama mmoja aliyebeba kikapu cha maembe aliinama dirishani akasema kwa upole, “Baba, gari lako lavuja.” Mjomba akamjibu kwamba ni maji. Mama yule akavuta pumzi puani, akamtazama mjomba, akasogea. Tatizo ni kwamba hapakuwa na pa kusogea. Niliwahesabu watu waliosimama umbali wa mkono kutoka gari letu, nikafika 20, nikaacha. Yeyote kati yao angeweza kuwa na kiberiti mfukoni.

Upande wa Likoni gari liliwaka, likateremka chomboni, likaanza kupanda. Katikati ya mlima likakohoa mara mbili likazimika. Mjomba akakanyaga breki. Gari likarudi nyuma kama shubiri moja kabla halijashika. Vijana wa mikokoteni, ambao inaonekana walimfahamu, walikuja wakicheka, wakatusukuma hadi juu. “Kesho tena, mzee!” mmoja akasema.

Nyumba ya mjomba haiko mbali na ufuo wa Shelly. Usiku unasikia mawimbi, na asubuhi ukipitisha kidole juu ya kioo cha dirisha kidole hurudi na ladha ya chumvi. Mji huu una kutu yake. Sisi wa Nairobi tunajua kutu kama ugonjwa wa mabati yaliyozeeka. Likoni nimeona kufuli ya mwaka mmoja ikikataa ufunguo, misumari ya mlango ikilia machozi ya kahawia ukutani, na nondo za dirisha zikivimba hadi zikapasua saruji. Mwalimu wa sayansi atakwambia chuma kikikutana na maji na hewa hufanya kutu popote pale. Ni kweli. Lakini maji yenye chumvi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi, na kutu ni kazi ya umeme mdogo unaotembea juu ya chuma chenyewe. Isitoshe, chumvi huvuta unyevu, hivyo chuma cha pwani hakipati siku ya kukauka.

Katikati ya hali hiyo mjomba ameitunza Datsun yake, 120Y yenye injini ya cc 1,171, tangu mwaka 1979 alipoinunua kutoka kwa mwenye kwanza. Alikuwa karani kijana bandarini. Kwa watu wa umri wake jina Datsun si jambo dogo: ni magari ya jina hilo aliyoyaendesha Shekhar Mehta akashinda Safari Rally mwaka 1973, kisha miaka minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Mjomba huitaja miaka hiyo kama wengine wanavyotaja miaka ya kuzaliwa watoto. Ukweli ni kwamba gari lililoshinda halikuwa 120Y, lakini ni mpwa gani atamwambia mjombake hivyo?

Mkaza mjomba alitutengea mahamri na mbaazi, kisha akasubiri mumewe aende msikitini ndipo akafungua moyo. “Mwezi wa tatu huu nanusa petroli ndani ya nyumba yangu,” alisema. “Naambiwa ni harufu ya gari kukuu. Jiko langu lile pale, gari lile pale. Mimi nna sukari, kila mwezi nenda kliniki kisiwani na gari lilo hilo. Nikimwambia tupande matatu hununa siku mbili.”

Nilikwenda uani nikapima kwa hatua. Kutoka jiko la makaa hadi tangi la gari zilikuwa hatua saba. Msomaji na afahamu kwamba si petroli ya maji inayowaka kwanza bali mvuke wake, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi. Hutambaa chini kama paka, huingia mitaroni na chini ya milango, hadi ukutane na moto. Ukumbi wenye upepo wa bahari ulikuwa umemwokoa mama huyu kwa miezi mitatu.

Mjomba aliporudi nilimwomba anionyeshe panapovuja. Akalala chali juu ya gunia bila kusita, kanzu ameshaivua, akanionyesha donge la sabuni ya mche lililobandikwa kwenye paipu nyembamba karibu na gurudumu la nyuma. Kumbe kila Jumamosi huikanda sabuni kwa vidole akaziba tundu. Hila hiyo inajulikana na kila dereva wa zamani wa Afrika Mashariki, nayo ina akili ndani yake, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni. Maji huiyeyusha. Na mjomba huteremka kila wiki kwenye mteremko wa kivuko ambako mawimbi hulamba saruji na magurudumu huyatupa maji chini ya gari. Alikuwa akiziba Jumamosi na bahari ikizibua siku ya kliniki.

Palikuwa na jambo jingine lililonisumbua: kwa nini gari lizimike mlimani hali petroli imo tangini? Jibu tulilipata kwa fundi wa mtaa, mzee wa makamo ambaye watu wote humwita Fundi tu. Alieleza huku akichora mchangani kwa kijiti. Katika gari kama hili pampu iko mbele, kwenye injini, na kazi yake ni kufyonza. Gari likisimama, petroli ya tangini huishukia paipu na kudondoka nje kupitia tundu. Injini ikifanya kazi, pampu huvuta, na badala ya petroli kutoka, hewa huingia. Kwenye barabara tambarare kabureta huvumilia. Mlimani, injini inapotaka petroli nyingi, hupata mapovu. “Kama mtoto anyonyaye soda kwa mrija uliotoboka,” akasema, na mwanangu akacheka kwa kuelewa.

Mjomba alitaka kipande kilichotoboka kikatwe, paingizwe mpira na klipu mbili, basi. Fundi alisema atatazama kwanza.

Kazi ilianza alfajiri ya siku iliyofuata, kabla jua halijakuwa kali. Jiko lilihamishiwa kwa jirani. Waya wa betri ulitolewa. Taa ya umeme ya mjomba, ile ya waya mrefu, Fundi aliikataa: balbu ikianguka ikapasuka, cheche moja yatosha. Gari liliinuliwa kwa jeki, kisha likaegemezwa juu ya magogo manne ya mwembe, kwa maana jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Petroli ilimwagwa polepole ndani ya mtungi kupitia kiungo cha chini ya tangi. Tangi likaachwa limezibwa mdomo, kwani tangi tupu lililojaa mvuke ni la hatari kuliko lililojaa petroli. Hapakuwa na mtu wa kufyonza kwa mdomo. Fundi alisema anamjua aliyefanya hivyo na mapafu yake hayajapona.

Kisha akapita na brashi ya waya kutoka nyuma hadi mbele. Paipu ilishikwa chini ya bodi kwa klipu sita za bati. Kati ya klipu na klipu chuma kilionekana kizima, cheusi, hata cha kupendeza. Ndani ya klipu, mahali ambapo mchanga na maji hukwama bila kukauka, kilikuwa kimekatika magamba kama ya samaki. Alichukua msumari akagusa tu, ukazama. Klipu ya pili, ukazama. Ya tatu, hivyo hivyo. Lile tundu la sabuni lilikuwa moja tu, lililotangulia wenzake. Alipokikata kipande na kutuonyesha mdomo wake, ndani paipu iling'aa kama kijiko kipya. Kutu ilikuwa imetoka nje ikienda ndani.

“Ukikata hapa, utatia mpira kwenye chuma gani?” Fundi akamuuliza mjomba. Mpira hushika penye chuma kizima, na chuma kizima kilikuwa mbali.

Mjomba angeweza kubishana bado, kwa kuwa ni hodari wa kubishana. Lakini Fundi aliendelea na brashi yake. Kando ya paipu ya petroli, ndani ya klipu zizo hizo, ilipita paipu nyingine nyembamba zaidi, ya breki za nyuma. Vumbi la kahawia likamwagika usoni mwake. Akafuta macho, akaitazama kwa muda.

“Hii haijatoboka,” akasema. “Bado.”

Hapo ndipo mjomba alipovuta kigoda akaketi. Nilikumbuka ile shubiri moja tuliyorudi nyuma mlimani. Naye nadhani alikumbuka jambo ambalo hakuna mkazi wa Likoni aliyelisahau: Septemba 29, 2019, gari lilirudi kinyumenyume kutoka kwenye feri ya MV Harambee likazama mkondoni na mama na bintiye mdogo, na karibu wiki mbili zikapita kabla ya kuopolewa. Sisemi ajali ile ilitokana na kutu. Nasema tu kwamba mjomba alitazama mlango wa jikoni, ambako mkewe alikuwa akipepeta mchele, na hakutaja tena mpira na klipu mbili.

Tulivuka kwa miguu kwenda kununua vifaa. Duka la kwanza, karibu na Mwembe Tayari, lilituuzia mpira mweusi ambao mwenye duka aliapa ni wa petroli. Fundi hakubishana naye. Alikata kipande, akakitumbukiza katika kikopo cha petroli usiku kucha. Asubuhi kilikuwa kimevimba na kulegea kama mkate uliolowa chai. Mpira wa maji na mpira wa petroli hufanana rafuni, na kipimo hicho cha kikopo chafaa kufanywa na kila mwenye gari kukuu. Duka la pili, Barabara ya Jomo Kenyatta, lilikuwa na mpira wenye maandishi na uzi ndani yake, na pia roli la paipu ya shaba iliyochanganywa na nikeli. Shaba tupu, ile ya mafundi wa friji, ni rahisi kupata lakini hukakamaa na kupasuka kwa mtikisiko wa miaka. Hii ya mchanganyiko hukunjika kwa mikono na haifanyi kutu kama chuma. Ukubwa ulikuwa milimita 8 kwa petroli na ile nyembamba ya breki pamoja na nati zake. Bei yote ilikuwa kama ya mbuzi wa wastani. Mjomba alilipa mwenyewe, tena bila kuhesabu chenji.

Sehemu iliyofuata ndiyo niliyoipenda, nami ningeirefusha kama mhariri angeniruhusu. Paipu kuukuu ilitolewa nzima, ikalazwa juu ya mkeka uani kama nyoka aliyeuawa, na mpya ikanyooshwa kando yake. Kila kona ya ile ya zamani ilinakiliwa kwa kuikunja mpya taratibu kwenye chupa ya soda, ili isibonyee. Mwanangu alipewa kazi ya kushika ncha. Fundi alikata kwa kikata-paipu cha kuzungusha, si kwa msumeno, kwa kuwa unga wa msumeno huishia kwenye kabureta. Ncha zilitunishwa kidogo mdomoni ili mpira usichomoke. Vipande vifupi vya mpira vilitiwa miisho miwili tu, nyuma penye tangi na mbele penye injini inayotikisika. Klipu mpya zilivalishwa vipande vya tyubu ya baiskeli, maana shaba ikigusana na chuma cha bodi katika maji ya chumvi, chuma ndicho huliwa haraka.

Tulipokuwa tukingoja rangi ya kuzuia kutu ikauke, mjomba alichota ndoo kisimani aoshe mikono na vioo. Akatueleza kwa fahari kwamba kila Ijumaa kwa miaka 40 na ushei ameliosha gari hili mwenyewe, juu na chini, hasa chini, kwa sababu ya bahari.

“Babu,” mwanangu akauliza, “mbona maji ya kisima hatuyanywi?”

“Yana munyu, mjukuu wangu. Ya kunywa twanunua kwa mkokoteni.”

Mtoto alinyamaza akitazama ndoo. Mimi pia nilitazama ndoo. Fundi, aliyekuwa chini ya gari, aliacha kugonga. Hakuna aliyesema neno, na mjomba, akiwa ndoo mkononi, alituangalia mmoja mmoja hadi mwenyewe akafika. Aliiweka ndoo chini. “Lahaula,” akasema polepole.

Breki zilitolewa hewa, mkaza mjomba akiwa ndiye wa kukanyaga pedali, na alikanyaga kwa nguvu ya mtu mwenye lake moyoni. Petroli ilirudishwa tangini. Injini ilizungushwa mara kadhaa bila jibu, paipu ikiwa tupu, kisha ikashika. Fundi alifunga karatasi kavu kwenye kila kiungo, akaziacha kwa muda, akazitoa moja moja na kuzinusa. Usiku tulitandaza katoni jeupe chini ya gari. Asubuhi mjomba alitutangulia kuamka. Nilimkuta amepiga magoti, katoni mikononi, kavu kama lilivyotoka dukani.

Jumatano ilikuwa siku ya kliniki. Mkaza mjomba aliketi mbele, kadi yake ndani ya mkoba, nasi nyuma. Tuliteremka mteremko wa Likoni na gari likasimama pale pale mjomba alipotaka lisimame. Katikati ya mkondo, injini imezimwa, nilitega sikio kwa ile to... to, nikasikia kunguru na mawimbi. Upande wa kisiwa tulipanda kwa gia ya kwanza bila kikohozi.

Jioni tuliporudi mwenye mkokoteni wa maji alikuwa mlangoni. Mjomba huchukua mitungi miwili, mmoja wa kunywa na mmoja wa kupikia. Safari hii alionyesha vidole vitatu.

“Wa tatu wa nani?” mkewe akauliza.

Mjomba hakujibu. Alielekeza kidevu uani, akaingia ndani kuvua kanzu.